Matanga Hayajaondolewa

Siku Aurélie alipoacha kurudi nyumbani, mama yake alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, nyuma ya meza ya samaki wa moshi, kando ya barabara ya lami inayopita ubavuni mwa mtaa wa Mangobo, mjini Kisangani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na sasa jua lilikuwa limerudi kwa hasira. Georgette alikuwa akifukuza nzi kwa kipande cha katoni aliposikia honi ya basi la shule. Akasimama, akajifuta mikono kwenye kikwembe chake.

Basi lilisimama mbele ya meza, karibu kiasi cha kuweza kuguswa kwa mkono. Lakini mlango wake haukuwa upande huo. Ulikuwa upande wa pili, ukitazama katikati ya barabara. Kwa hiyo tangu muhula uanze Georgette hakuwahi kumwona mwanawe akishuka. Alichokuwa akikiona ni viatu. Aliinama kidogo, na chini ya tumbo la basi, kati ya matairi, akaona viatu vya watoto vikitua kwenye lami, na vya Aurélie alivitambua kwa sababu kimoja kilikuwa na kamba nyeupe na kingine kamba ya bluu. Vingezunguka nyuma ya basi, halafu mtoto mzima angetokea, mkoba mgongoni, akiuliza kuna nini ya kula.

Siku ile viatu vilitua. Georgette aliviona, kamba nyeupe na kamba ya bluu. Kisha ukapita mngurumo. Jeep iliyokuwa nyuma ya basi ilikataa kungoja, ikalipita kwa kasi, na pale palipokuwa na viatu pakabaki lami tupu.

Jeep haikusimama. Wengine walisema ilikuwa nyeusi, wengine kijani kibichi. Vioo vyake vilikuwa vya giza, na namba yake hakuna aliyeisoma. Aurélie alikuwa na miaka saba, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma bila kuweka kidole chini ya maneno.

Basi lile halikutengenezwa kwa ajili ya Kisangani. Lilikuja kwa njia ya mashariki, kutoka nchi ambako magari hupita kushoto, usukani wake kulia na mlango wake kushoto. Shule ya Makiso iliyolinunua ililipaka rangi ya manjano, ikaandika jina lake ubavuni, ikaona kazi imekwisha. Huku kwetu magari hupita kulia. Kila mara basi liliposimama mahali panaporuhusiwa, watoto walishukia katikati ya barabara, na kila dereva aliyekuwa nyuma aliona kitu kimoja tu, gari kubwa linalomchelewesha.

Mtu wa kwanza kuuona ubaya huo alikuwa dereva mwenyewe, Papa Abdulhamid, mzee mfupi mwenye kofia nyeupe, wa moja ya zile familia za Kiislamu zilizokaa mjini hapa tangu zamani za babu zao wafanyabiashara. Mwaka wa kwanza alijitafutia njia yake. Akifika kituoni alivuka barabara na kusimama upande wa kushoto, uso wa basi ukitazamana na magari yanayokuja, ili mlango ukutane na mfereji na watoto washukie kwenye udongo. Wale wa ng'ambo aliwavusha mwenyewe, akiwashika mikono. Ndivyo Aurélie alivyokuwa akimfikia mama yake siku zile, akining'inia kwenye kidole cha Papa Abdulhamid na kumsimulia jambo ambalo mzee hakulielewa.

Halafu akaja Sadrack, polisi wa roulage, yaani wa barabarani, kijana mwenye filimbi mpya. Akamwambia Papa Abdulhamid kwamba kusimama kinyume cha mwendo ni kosa, akamtoza faini. Mara ya pili akashika ufunguo wa basi. Shule ikamwandikia dereva onyo: asimame kulia, kama gari lolote. Tangu muhula ule Papa Abdulhamid akasimama kulia, kama gari lolote.

Matanga yaliwekwa mbele ya nyumba, kando ya barabara ile ile, hatua chache kutoka kwenye meza ya samaki. Turubai la kukodi lilifungwa kwenye nguzo, viti vya plastiki vikaja juu ya mkokoteni, na vijana wa avenue wakaenda kukata mandalala, yale matawi ya mchikichi ambayo kila mtu wa mji huu anajua maana yake. Waliyalaza barabarani, mengine upande wa kuja, mengine upande wa kwenda, ili kila apitaye ajue kwamba hapa kuna kilio.

Georgette alikuwa ameketi chini, juu ya mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Wanawake waliimba. Yeye hakuimba. Alikuwa akitazama barabara, kwa sababu macho yake hayakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na hapo, bila kutafuta, aliona jambo.

Magari yalikuwa yakipunguza mwendo. Pikipiki zilizokuwa zikija kama zimefukuzwa zilifika kwenye matawi, na vijana wakaachia gesi. Wenye toleka walishuka na kuzisukuma baiskeli zao kwa miguu, abiria naye akitembea kando. Lori la bia lilipita taratibu, na dereva akazima muziki. Afisa mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya gari lenye bendera alivua miwani.

Kisha likaja basi la shule. Lilisimama pale pale, kati ya matawi na matawi. Mlango ukafunguka upande wake mbaya, watoto wakashuka katikati ya barabara, na hakuna aliyelipita. Nyuma ya basi magari yalisimama msururu. Hakuna honi iliyopigwa. Watoto wakazunguka basi taratibu, mmoja akaacha daftari lianguke, akarudi kuliokota, na magari bado yakangoja.

Georgette aliinua kichwa. Mwanamke aliyekuwa kando yake akadhani anataka maji.

"Hapana," akasema. "Niko naangalia."

Walipomaliza siku za kilio, turubai likafunguliwa na viti vikarudishwa. Vijana waliyakokota matawi hadi kwenye rundo la takataka nyuma ya ukuta, yangoje kuchomwa. Kilichobaki ni kule kuondoa matanga kwenyewe: siku ambayo mkubwa wa familia huja, akayachoma matawi, akawamwagia wafiwa maji mikononi, na nguo nyeusi zikavuliwa. Siku hiyo hupangwa na familia. Mume wa Georgette, Hilaire, anafanya kazi kwenye mashua za mizigo zinazoteremka mto, na mkubwa wao ni kaka yake, Papa Emile, anayekaa Isangi, mbali chini ya mto. Walikubaliana kwamba Papa Emile atakuja atakapopata nafasi.

Kesho yake Georgette alirudi kwenye meza yake. Basi likaja, likasimama. Aliinama kwa mazoea na kuona viatu vya watoto wa watu wengine vikitua. Pikipiki moja ikapita kwa mlio, na kiatu kimoja kidogo kikaruka nyuma, kikakanyaga kingine. Mtoto mmoja akalia. Hakuumia. Papa Abdulhamid alikuwa ameshuka kwenye usukani na kusimama barabarani akitikisa kofia yake, na mwenye pikipiki akamtukana bila kugeuka.

Georgette alikwenda nyuma ya ukuta. Aliyatoa matawi kwenye takataka, makavu, yenye majivu na maganda ya ndizi za makemba, akayakokota mpaka kwenye lami. Akalaza mengine nyuma ya basi, mengine mbele. Kisha akasimama kando yake na nguo zake nyeusi.

Magari yakasimama.

Watoto walipomaliza kuvuka aliyavuta matawi kando, akarudi kuuza samaki. Siku iliyofuata akafanya vile vile, na siku iliyofuata hiyo. Asubuhi hakuhitaji, kwa kuwa kwenda shuleni basi hupita upande wa ng'ambo, na Papa Abdulhamid alikuwa akiingia nalo kwenye uwanja wa kanisa kuwachukua watoto. Mchana hapakuwa na uwanja, palikuwa na mfereji tu na meza za wauzaji. Mchana ulikuwa wake.

Wenye pikipiki ndio waliokuwa wa kwanza kumchoka.

"Mama, nani amekufa tena?" akauliza mmoja, kijana mwenye koti la mvua lililofungwa kiunoni, mguu mmoja chini.

"Mutoto yangu."

"Ule wa siku ile?"

"Ule ule."

"Si mulishamuzika?"

"Tulimuzika. Na weye uko na haraka ya kwenda kuzika nani?"

Abiria wake, mama mnene mwenye ndoo ya majani ya pondu magotini, alicheka mpaka pikipiki ikatikisika. Kijana akazima injini. Lakini si wote walioishia kwenye kicheko. Wengine walimwita mchawi mchana kweupe. Mmoja alisema mwanamke anayechezea matawi ya kilio anaita kifo kije tena, na kwamba safari hii kisitafute mbali. Georgette alimsikiliza hadi mwisho.

"Kilikuja bila kuitwa," akamwambia. "Ngojea batoto bapite, kisha utaniambia ingine."

Alikuwa amekwenda shuleni pia. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akapewa pole. Alimwomba mkurugenzi kitu kimoja: mlango ukatwe upande wa kulia. Alikuwa amemuuliza mchomeleaji wa Mangobo, na mchomeleaji alisema ni kazi ya siku chache, unakata huku, unaziba kule. Mkurugenzi alisema jambo hilo linaeleweka, tena linaumiza moyo, lakini basi ni mali ya komite, na komite itakaa.

"Itakaa lini?"

"Bientôt, mama."

Alitoka pale na hiyo bientôt yake, hivi karibuni isiyo na tarehe, akateremka kwa miguu mpaka Mangobo.

Sadrack alikuja siku ya soko. Alikuwa amekwepa kituo kile tangu msiba, na alipofika hakumtazama Georgette usoni. Alitazama matawi.

"Mama Aurélie, hii ni barrage, unafunga njia. Barrage kwa barabara ya Leta, ya serikali, ni kosa."

"Aiko barrage, chef. Ni matanga."

"Matanga iliisha."

"Nani alikuambia?"

"Bâche mulitoa. Viti mulirudisha. Batu balienda kwabo."

"Bâche ilikuwa ya kukodi. Kilio ni yangu."

Watu walianza kusogea. Sadrack akashusha sauti. "Donc kila siku basi ikifika matanga inaanza, basi ikienda matanga inalala?"

"Ndiyo vile."

"Miye sijaona matanga ya namna ile."

"Na mutoto kushukia katikati ya barabara, ile uliona?"

Sadrack alirudi kutazama matawi. Filimbi yake ilikuwa imechakaa sasa, kamba yake imefungwa fundo. "Code iko, sheria ya barabara," akasema. "Code inasema dereva asimame, batoto bapite. Aiko siye tunakataa."

"Alors kuya nayo hapa, chef. Uiweke chini, kwa lami, pale mandalala iko. Bakisimama juu ya code, miye natoa majani leo leo."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi mara moja, akaacha. Sadrack alikunja midomo. Alikuwa na uwezo wa kumkamata, na wote walilijua hilo. Lakini hata polisi ana mama, na hakuna mtu wa Kisangani anayetaka kuonekana akiondoa kwa mkono wake matawi ya kilio cha mtu mwingine.

"Mukubwa ya famille ni nani?"

"Papa Emile. Iko Isangi."

"Bon. Yeye njo atatoa. Miye siguse."

Ujumbe ulikwenda na mashua, na kama kawaida ya ujumbe wa mtoni ulifika umenenepa. Papa Emile alisikia kwamba shemeji yake amefunga barabara kuu, kwamba analala juu ya matawi, kwamba serikali inamtafuta. Hilaire aliporudi kutoka safari alikuwa amekwisha kukubaliana na kaka yake juu ya siku: Ijumaa.

Alimwambia Georgette jioni, wakila lituma, ndizi za kupondwa.

"Nimechoka, Mama Aurélie," alisema. "Nikipita kwa port banauliza. Nikipanda mashua banauliza. Miye pia nilimupoteza."

"Najua."

"Basi acha tulale. Acha uvae rangi."

Georgette alimtazama. Hilaire alikuwa amekonda tangu msiba, na usiku alikuwa akigeuka kitandani kama mtu aliye juu ya mawe. Hakutaka kumjibu kwa ukali.

"Nikivaa rangi," akasema, "kesho bakipita juu ya mutoto wa mwenzangu, ile rangi nitaangalia namna gani?"

Hilaire aliendelea kula polepole, kisha akanawa mikono. Lakini Ijumaa ilibaki Ijumaa.

Papa Emile alifika Alhamisi, mtu mrefu mwenye mvi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa mkaa. Pamoja naye alikuja binti yake Chantal, ambaye ndiye aliyekuwa sababu kubwa ya haraka yake. Familia ya mchumba wa Chantal ilikuwa tayari kuleta mahari. Lakini nyumba yenye matanga yasiyoondolewa haipokei mahari, haipigi ngoma, haimwagi kinywaji cha furaha. Wakingoja sana, wale watu wangeweza kuondoka na kwenda kwa wengine.

"Sikukatazi kulia," Papa Emile alimwambia Georgette, wote wameketi uani. "Unalia mu moyo, unalia kwa kaburi. Lakini kilio aikai mu barabara kama polisi. Na weye unafunga nyumba yote. Chantal amekosa nini?"

Chantal alikuwa kwenye kizingiti, akikwaruza ukuta kwa ukucha. Georgette alimtazama. Hilo lilimpata kuliko maneno ya Sadrack na ya wenye pikipiki wote, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Hajakosa kitu, papa."

"Basi kesho tunachoma."

"Kesho mutafanya ile munataka. Lakini saa ya basi nitakuwa kule."

"Na nikikukataza?"

"Utanikataza, papa, na nitakuwa kule."

Papa Emile hakuwa amezoea kujibiwa namna hiyo na mke wa mdogo wake. Alinyanyuka, akaingia ndani bila kuaga.

Ijumaa asubuhi Papa Emile aliyakusanya matawi kwa mikono yake mwenyewe. Aliyarundika kando ya mfereji, mabichi na makavu, na kando ya rundo akaweka chupa ya mafuta ya taa na beseni la maji. Alikuwa amepanga kuyachoma jua likipungua, wazee wa avenue wakishafika. Kisha akaomba kiti, akaketi karibu na meza ya samaki, mgongo umenyooka, kama mtu anayelinda kitu.

Georgette aliuza samaki wake.

Basi lilipotokea kwenye kona, akafunga kikwembe vizuri, akaenda kwenye rundo.

"Mama Aurélie," akasema Papa Emile.

Hakugeuka. Alivuta tawi la kwanza, kubwa, lililokuwa limeshikana na mengine, na rundo lote likaporomoka. Alilikokota nyuma ya basi. Akarudi kuchukua la pili. Papa Emile aliinuka ili amzuie, na kwa kuinuka akajikuta amesimama ubavuni mwa basi, upande ule usio na mlango. Akalitazama juu mpaka chini. Akatembea hatua chache mbele, akarudi nyuma.

"Mlango iko wapi?" akamuuliza Papa Abdulhamid, ambaye alikuwa akishuka kwenye usukani upande huo huo wa mfereji.

"Kule, papa."

"Kule wapi? Kule ni barabara."

"Ndiyo."

Papa Emile aliishi mtoni. Alijua mashua, na alijua kwamba hakuna mwenye akili anayeshusha watu upande wa maji makuu wakati ufuko uko upande wa pili. Hakuwa amewahi kuliona basi lile. Kule Isangi aliambiwa tu kwamba mtoto aligongwa akivuka, na watoto hugongwa wakivuka. Sasa aliinama. Alishika goti lake la maumivu, akainama, na chini ya basi akaviona viatu vikianza kutua.

Wakati huo ndipo honi ilipopigwa, ndefu, ya hasira. Nyuma ya matawi ilikuwa imesimama jeep yenye vioo vya giza. Haikuwa ile, au ilikuwa ile, hakuna aliyejua, na Georgette alikuwa amekwisha kujizuia kuuliza swali hilo kwa kila jeep. Mlango ulifunguka akashuka mtu mwenye suti ya kijivu, simu mkononi.

"Toa hii takataka," akasema.

Georgette alisimama mbele ya tawi lake. "Aiko takataka, papa. Pita juu yake, kama unaweza."

"Unajua unasema na nani?"

"Hapana. Na weye, unajua iko kilio ya nani?"

Yule mtu akamwita Sadrack, aliyekuwa upande wa pili akijifanya anapanga magari ya soko. Sadrack akaja, akapiga saluti, akaeleza kwa maneno mengi kwamba ni matanga, Excellence, matanga ambayo kwa kweli yanaondolewa leo leo, na kwamba mkubwa wa familia ndiye yule pale, amekwisha kuweka mafuta ya taa.

"Bon," akasema mwenye suti. Alimgeukia Papa Emile, aliyekuwa akijinyoosha kwa taabu, vumbi limeshika goti la suruali. "Papa, weye njo mukubwa?"

"Njo miye."

"Alors sema mbele ya batu. Hii matanga imeisha, ama aiyaisha? Kama imeisha, mama atoke mu barabara."

Wauzaji walikuwa wamesimama juu ya vibao vyao ili waone. Hilaire alikuwa amefika kutoka bandarini, amesimama nyuma ya watu. Chantal alikuwa kwenye mlango wa uzio. Georgette hakumtazama shemeji yake. Alitazama mbele, kwenye kioo cheusi cha jeep, ambamo alijiona mwenyewe, mdogo, amevaa nyeusi. Alijua kwamba neno moja la mzee huyu lingetosha. Sadrack angemshika mkono, safari hii bila hofu, na kesho viatu vingetua kwenye lami bila kitu cha kuvilinda.

Papa Emile aligeukia basi tena. Watoto walikuwa wakilizunguka kwa nyuma mmoja mmoja, wakipita kati ya chuma na matawi. Wa mwisho alikuwa msichana mdogo aliyeogopa kelele, akasimama, hakujua aende wapi. Papa Emile alimwendea. Akampa kidole, akamvusha hadi kwenye udongo.

Kisha akarudi.

"Matanga bado," akasema.

"Namna gani bado? Polisi anasema—"

"Polisi aiko wa familia yetu. Umeniuliza miye, nimekujibu. Bado."

"Itaisha lini?"

Papa Emile alipiga bati la basi kwa kiganja, mara mbili, upande ule usio na mlango. "Siku mlango itakuwa huku."

Mwenye suti alimtazama, akamtazama Georgette, akayatazama matawi. Jeep ilikuwa na matairi ya kupita popote. Alirudi ndani, akafunga mlango, na akangoja. Georgette hakuharakisha. Alimngoja hata mtoto mmoja aliyekuwa akifunga kamba ya kiatu kando ya mfereji amalize, ndipo akayavuta matawi.

Jioni ile hakuna kilichochomwa. Papa Emile aliwaambia wazee wa avenue warudi majumbani, akamwaga maji ya beseni kwenye mizizi ya mpapai. Chantal alilia chumbani, na Georgette akaingia kukaa naye. Hakumwambia maneno ya kumbembeleza.

"Nimekuchelewesha," alimwambia. "Unaweza kunikasirikia."

"Nimekukasirikia," akasema Chantal. Akajifuta machozi, akauliza, "Kamba ya kiatu moja ilikuwa bluu, njo vile?"

"Bluu. Ile nyeupe ingine ilikatika, akaokota ya bluu kwa njia."

Papa Emile alirudi Isangi Jumapili. Aliwaeleza watu wa mchumba jambo lilivyo, na watu wale walisema watangoja. Hawakusema mpaka lini.

Komite ya shule bado haijakaa. Basi ni lile lile, na mlango uko kule kule. Papa Abdulhamid hukata matawi mapya Jumamosi kwenye shamba la wakwe zake na kuyaleta juu ya paa la basi Jumatatu, na mama wengine wawili wa avenue husaidia kuyalaza, ingawa wao huvaa rangi. Sadrack husimama mwanzo wa kona, na gari likija kwa kasi hupiga filimbi kabla halijafika kwenye matawi. Hilaire akiwa mjini huja kukaa nyuma ya meza ya samaki wakati mke wake yuko barabarani. Georgette bado amevaa nyeusi. Ana nguo mbili za rangi hiyo, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini. Shule zikifunguliwa, mchana basi husimama mbele ya meza, matawi hulazwa, na magari hungoja mpaka mtoto wa mwisho afike kwenye udongo.